Mota Zinaungua Katonga, Tuanze Kupima Ndani ya Majengo Yetu

Kila mota inapoungua Katonga, mwalo wetu hapa Kigoma, neno la kwanza ni lile lile: umeme wa hapa mbovu. Mwenye mashine analisema, jirani anaitikia, na fundi aliyeitwa naye anakubali kwa sababu halimgharimu kitu. Kisha mota inafunguliwa, inapakiwa kwenye bodaboda, inapelekwa Mwanga, mjini, kusukwa upya, inarudi na kufungwa pale pale ilipokuwa. Baada ya muda inaungua tena, na neno lile lile linarudiwa.

Mimi ni fundi umeme. Kazi yangu ni majengo ya viwanda vidogo, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji: mashine za barafu, za kusaga, za kukamua mawese, karakana za kuchomelea. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuona watu wenye bidii wakipoteza mitaji kwa jambo linaloweza kugunduliwa kwa mita moja ya kupimia na alasiri moja. Katika majengo mengi ninayoitwa, umeme unafika kwenye mita ukiwa mzima au karibu na mzima. Sisi wenyewe tunauvuruga baada ya mita, kwa namna tunavyogawa mzigo, kwa waya tulizonunua kwa bei ya chini, na kwa viungio ambavyo hakuna aliyevikaza tangu siku ya kwanza.

Ninaelewa kwa nini lawama inakimbilia nje. Mkoa wetu uliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, tukitegemea jenereta za dizeli. Mtu aliyekulia hapa anajua umeme unaoyumba ukoje: balbu zinafifia, friji inaguna, redio inakatika. Mwaka 2022 gridi ilifika Kasulu na jenereta za pale zikazimwa, na matumaini ya mkoa mzima yakapanda. Watu wakaanza kununua mashine. Wenye mashine ndogo za njia moja wakaomba njia tatu. Hilo ni jambo jema kabisa na ningependa liongezeke. Lakini mazoea ya kufikiri hayajabadilika kwa kasi hiyo, na mashine ya njia tatu haisamehe mambo ambayo balbu na feni zilikuwa zikisamehe.

Niseme kwa ufupi jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, maana bila hivyo nitaonekana ninalaumu tu. Umeme wa njia tatu unaingia jengoni kwa waya nne: fezi tatu na nyutro moja. Kati ya fezi yoyote na nyutro unatakiwa kupata volti 230 au karibu yake. Kati ya fezi na fezi unapata 400. Mota ya njia tatu haina haja ya nyutro. Inakula fezi zote tatu, na inategemea zilingane. Volti zote tatu zikishuka kidogo kwa pamoja, mota inavumilia kwa kiasi. Kinachoiumiza zaidi ni kupishana, moja kuwa chini na nyingine juu.

Mwaka 1918 mhandisi mmoja mzaliwa wa Kanada, Charles Fortescue, alionyesha kwa hesabu kwamba fezi tatu zisizolingana zinaweza kugawanywa katika mafungu yanayolingana, na moja ya mafungu hayo huzunguka kinyumenyume. Ndani ya mota, fungu hilo la kinyume linaivuta rota, sehemu inayozunguka, irudi nyuma wakati fungu kubwa linaisukuma mbele. Ni kama mtumbwi wenye wapiga kasia wengi na mmoja wao anavuta kinyume: mtumbwi unakwenda, na mwenye mtumbwi aliyesimama ufukweni haoni tatizo, ila waliomo ndani wanatoka jasho mara mbili. Jasho la mota ni joto. Volti zikipishana kwa asilimia 1 tu, ampea katika fezi za mota iliyobeba mzigo wake kamili zinaweza kupishana kwa asilimia 6 hadi 10. Zikipishana kwa asilimia 3, joto la ziada ndani ya koili linapanda kwa karibu asilimia 18. Na mafundi wa kusuka mota wanajua kanuni ya zamani kwamba kila nyuzi 10 za joto la ziada zinapunguza umri wa vanishi na karatasi za kuhami kwa nusu. Chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha Marekani, NEMA, kinataka mota ipunguziwe mzigo volti zinapopishana zaidi ya asilimia 1, na isiendeshwe kabisa zikipita asilimia 5.

Hesabu yenyewe mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Pima volti kati ya fezi na fezi, zote tatu. Tafuta wastani. Angalia ipi iko mbali zaidi na wastani, na tofauti hiyo igawanye kwa wastani, kisha zidisha kwa 100 upate asilimia. Basi. Sijui kwa nini hesabu hii haijabandikwa kwenye mlango wa kila jengo lenye mashine.

Sasa nije Katonga. Kuna jengo la mabati juu kidogo ya mwalo, mwenyewe sitamtaja. Ndani yake kuna mashine ya barafu ambayo kompresa yake inaendeshwa kwa mkanda na mota ya kilowati 7.5. Kuna mashine ya kusaga inayofanya kazi asubuhi, friza kadhaa za samaki, migebuka na kuhe, pampu ya kisima, na chumba kimoja cha nyuma ambacho ndicho kisa chenyewe: chumba cha kuchajia betri za taa za uvuvi. Zamani dagaa wa Ziwa Tanganyika walivuliwa kwa karabai. Siku hizi vyombo vingi vinatoka na taa za LED na betri, na betri lazima zichajiwe mchana ili ziwe tayari kabla ya magharibi. Kijana anayeuendesha mradi huo amepanga chaja zake ukutani kwa utaratibu mzuri, kila betri ina namba ya chombo iliyoandikwa kwa chaki. Ni biashara safi.

Mama mwenye jengo alikuwa ameunguza mota mbili za kompresa ndani ya mwaka mmoja, na ya tatu ilikuwa inatoa harufu. Barafu ikikosekana Katonga, mwenye migebuka ya kupeleka mjini anauza kwa bei yoyote atakayotajiwa. Hasara ya mota ilikuwa inagawanywa na watu ambao hawajawahi hata kuiona.

"Fundi, watu wameshakuja hapa na mita zao," aliniambia. "Wakipima, umeme mzima. Wakiondoka, mota inaungua."

"Walikuja lini, mama?"

"Wakati wa mbalamwezi. Ndipo tunapopata nafasi."

Jibu hilo lilinitosha kujua pa kuanzia. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanapumzika, kwa sababu taa haivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa. Chaja zinalala. Friza nusu tupu. Fundi aliyekuja siku hizo alipima jengo lililolala, akakuta fezi zinalingana, akasema kweli alichokiona. Nikamwomba mama aniruhusu nirudi katikati ya giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, wakati wa alasiri, chaja zote zikiwa zimewashwa na kompresa ikifanya kazi.

Nilichokikuta siku hiyo ninakiandika chote, kwa sababu namba zinasema vizuri kuliko mimi. Kwenye mita, upande umeme unapoingia, fezi nyekundu ilikuwa na volti 231 kwa nyutro, njano 232, bluu 228. Hapo huna cha kulalamika. Kutoka kwenye mita hadi kwenye ubao wa jengo kuna waya wa alumini wa milimita 16 za mraba, umetembea kama mita 100. Kwenye ubao nikapata nyekundu 230, njano 231, bluu 205. Fezi kwa fezi: 393, 381, 380. Wastani wake ni karibu 385, na tofauti kubwa ni volti 8, yaani asilimia 2 na ushee. Fundi mvivu angesema asilimia 2 si kitu. Nikafunga klampu mita, ya kupimia ampea, kwenye waya za mota: ampea 13, 15 na 18. Kibao cha mota kinasema 15. Koili moja ilikuwa inabeba ampea 3 zaidi ya ilivyotengenezewa, kutwa nzima, ndani ya chumba cha mabati chenye joto.

Kwa nini ovalodi, kifaa cha kuzima mota inapozidiwa na ampea, haikukata? Kwa sababu mtu alikuwa ameizungusha hadi ampea 20. Nikauliza ni nani, nikaambiwa, "Ilikuwa inasumbua, inazimazima." Ovalodi ile ilikuwa ndiyo pekee katika jengo lile inayojua kwamba kuna tatizo, na walipoizungusha waliinyamazisha.

Kabla ya kugusa chochote nilitaka kujua kama kosa ni la mota au la umeme. Kuna njia ambayo kila kijana anayetoka chuo cha ufundi cha VETA anapaswa kuitumia. Zima, hakikisha hakuna umeme, kisha hamisha waya zote tatu za mota hatua moja: ya kwanza iende pa pili, ya pili pa tatu, ya tatu pa kwanza. Mzunguko wa mota haubadiliki. Washa, pima tena. Ampea kubwa ikihama pamoja na koili, kosa ni la mota. Ikibaki kwenye fezi ile ile, kosa linatoka kwenye umeme unaoilisha. Pale Katonga ampea 18 zilibaki kwenye fezi ile ile. Mota haikuwa na hatia, wala zile mbili zilizotangulia, kwa kadiri ninavyoamini.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta mzigo. Nikapima ampea kwenye ubao mkuu: nyekundu 25, njano 25, bluu 68. Chaja zote, friza zote, na pampu, vyote vilikuwa kwenye bluu. Hakuna aliyepanga hivyo. Friza ya kwanza ilifungwa kwenye bluu kwa sababu breka yake ilikuwa karibu. Ya pili ikafuata. Pampu ikawekwa hapo kwa sababu palikuwa na nafasi. Chaja zilipokuja, waya ulivutwa kutoka kwenye soketi ya friza. Kila fundi alifanya kazi yake ndogo akaondoka, na hakuna hata mmoja aliyetazama jengo zima.

Nikafungua swichi kuu baada ya kuzima kwenye mita. Waya wa alumini ulikuwa umebanwa moja kwa moja kwenye teminali ya shaba, bila kiungio cha katikati, na upande wa bluu plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa. Nilikuwa nimeshapima tofauti ya volti kati ya kuingilia na kutokea kwa swichi upande huo mzigo ukiwepo: volti 2. Zinaonekana chache. Zidisha kwa ampea 68, unapata wati 136 za joto, zote zinatokea mahali padogo kuliko kidole gumba. Alumini ikipata joto inatanuka, ikipoa inanywea, skrubu inalegea kidogo, kutu yake nyeupe inaingia, na mkondo unazidi kupata taabu. Jengo lile lilikuwa limefungwa ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024. Miezi mitatu hiyo unyevu wa ziwa ulifanya kazi yake kwenye teminali bila kusumbuliwa, kisha uvuvi ulipofunguliwa kila kitu kikawashwa kwa siku moja. Kupumzisha ziwa kuna faida zake na sina ugomvi nako. Ninasema tu kwamba jengo lililolala miezi mitatu kando ya maji linahitaji fundi wa kukaza na kusafisha kabla ya kuamshwa.

Dawa yenyewe haikuwa na ufundi wa ajabu. Tulizigawa chaja katika makundi matatu na friza tukazihamisha, kila fezi ikapata sehemu yake. Nilikata ncha za waya zilizoungua, nikafunga viungio vinavyoruhusu alumini na shaba kukaa pamoja, nikabadilisha swichi. Ovalodi ikarudi 15. Nikaongeza kifaa kidogo cha kulinda fezi kinachozima mota pale moja inapokatika au zinapopishana mno. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kusuka mota. Tulipopima tena, mzigo ukiwa ule ule, ubao ulitoa 388, 385 na 385, na ampea zilikuwa karibu 40 kila upande. Kupishana kulishuka hadi nusu ya asilimia. Waya mwembamba wa mita 100 bado upo. Mama anajikusanya anunue mnene zaidi, na mimi ninamsihi asichelewe.

Si kila kupishana kuna sura hiyo, na hapa ndipo mafundi wenzangu wanapochanganya mambo. Upo ugonjwa wa nyutro. Nyutro ikilegea au kukatika, fezi kwa fezi utapata 400 nzuri kabisa, lakini fezi kwa nyutro zitatawanyika: moja 170, nyingine 250, nyingine 290. Fezi yenye mzigo mkubwa inashuka, yenye mzigo mdogo inapanda. Mota za njia tatu zitaendelea kunguruma kwa raha, huku televisheni na chaja zinalipuka. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye jengo ni rahisi: kinachoungua ni mota au ni vifaa vidogo? Vikiungua vifaa vidogo na mota salama, kimbilia nyutro, tena kwa haraka, kwa sababu hilo linaweza kuleta moto na kuua mtu. Na usiiweke nyutro kwenye fyuzi hata siku moja. Nimelikuta hilo Ujiji, katika nyumba yenye watoto.

Upo pia mtego wa testa. Fyuzi ya fezi moja inaungua wakati mota inazunguka. Mota haisimami, inaendelea kwa fezi mbili, na yenyewe inazalisha volti kwenye ile iliyokatika. Fundi anagusa kwa testa, taa inawaka pande zote tatu, anasema umeme upo. Kumbe volti ya upande mmoja inatoka kwenye mota yenyewe, inayojiunguza. Testa ni ya kukuonyesha kama kuna hatari. Si ya kupima kupishana. Zima mota, kisha pima kwa mita, kuingilia na kutokea kwa kila fyuzi.

Karakana za kuchomelea nazo zina lao. Mashine nyingi za kuchomelea zinafungwa kwenye fezi mbili ili zipate 400. Ikiwashwa, fezi hizo mbili zinashuka na ya tatu inabaki juu, na jirani mwenye mota katika jengo hilo hilo anaumia kila cheche inaporuka. Ukiwa na mashine mbili au tatu za kuchomelea, zigawe: moja nyekundu na njano, nyingine njano na bluu, ya tatu bluu na nyekundu. Hilo halina gharama ila kufikiri.

Na jambo moja la uhai kabla sijaingia kwenye lawama. Majengo yetu ya zamani yana fezi nyekundu, njano na bluu, na nyutro nyeusi. Majengo mapya yana fezi za kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu. Maana yake, waya wa bluu ambao kwenye jengo jipya ni nyutro, kwenye la zamani una fezi. Na mweusi kinyume chake. Tunapounganisha sehemu mpya na ya zamani katika jengo moja, jambo linalotokea kila wiki katika manispaa yetu, rangi haiwezi kuaminiwa. Pima kila waya, ubandike alama. Kijana anayejifunza kazi asikabidhiwe ubao wa namna hiyo peke yake.

Sasa lawama, na ninaigawa kwa wote kwa sababu wote tunahusika. Wenye majengo wanaita fundi baada ya moshi. Wananunua mota mpya kwa mamilioni na kukataa kulipia saa tatu za kupima. Tena wanamchagua fundi kwa bei. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni kwa mafundi wa umeme kwa madaraja, na kila daraja lina mipaka yake. Mwenye jengo ana haki ya kusema, "Kaka, nionyeshe leseni yako," na fundi wa kweli hatanuna. Sisi mafundi nasi tumezoea kuongeza breka bila kuuliza mzigo ulioko. Ninaamini fundi anayefunga chaja kumi kwenye fezi iliyokwisha kulemewa bila kupima ameshiriki kuunguza mota ya mtu, hata kama yeye hajaigusa.

Wanaotoa huduma ya umeme na wanaokagua majengo nao wana sehemu. Jengo linakaguliwa siku linapounganishwa, likiwa na balbu na soketi chache. Baada ya miaka mitano limekuwa kiwanda, na hakuna aliyerudi. Mteja anapolalamika kwamba fezi zinapishana, apimiwe wakati mashine zinafanya kazi, yeye akiwa amesimama pale anaona namba, na namba hizo aandikiwe. Mara nyingine kosa litakuwa kweli nje: fyuzi ya kwenye transfoma, kiungio cha kwenye nguzo, fezi moja ya mtaa iliyobebeshwa nyumba nyingi. Mteja mwenye namba za asubuhi, za alasiri na za usiku, upande wa mita na upande wa ubao, atasikilizwa haraka kuliko mwenye kelele. Nami nitakuwa upande wake.

Manispaa ya Kigoma Ujiji inatoa leseni za biashara. Ningependa, pale mtu anapoomba kuongeza mashine ya njia tatu au chumba cha kuchajia betri, aambatanishe karatasi moja iliyosainiwa na fundi mwenye leseni: ampea za fezi tatu na nyutro, volti fezi kwa fezi, zikipimwa wakati wa kazi nyingi. Ukurasa mmoja. Hakuna mradi wa kuomba fedha nje wala semina ya siku tatu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, inayowasaidia wakamuaji wa mawese kupata mashine inaweza kuipa karatasi hiyo nafasi katika mafunzo yake, na VETA Kigoma ina walimu wanaoweza kuiandaa.

Hapa Katonga tusisubiri hayo. BMU ya mwalo, kikundi kinachosimamia uvuvi hapa, inakusanya watu, inaaminika, na inajua kalenda ya giza na mbalamwezi kuliko fundi yeyote. Ninapendekeza inunue klampu mita moja ya mwalo, ikae ofisini kama mizani inavyokaa. Vijana wawili wenye leseni wapite kwenye kila jengo lenye mashine mara moja katika kila giza, alasiri, waandike namba kwenye daftari lenye ukurasa wa kila jengo. Yule kijana wa chumba cha betri ameshaanza kwake. Ukutani, juu ya chaja, kuna safu tatu za ampea kwa chaki, na anazifuta na kuziandika upya kila anapoongeza betri. Kazi ya kuwafundisha vijana hao wawili nitaifanya mimi bila malipo, siku yoyote uongozi wa mwalo utakayoichagua, mradi isiwe wakati wa mbalamwezi.